Marsabit Haijafichwa, Ni Wewe Hujafika

Wasee, kila wiki naona video ingine ya droni juu ya Marsabit na kichwa kile kile: "Hazina iliyofichika." Imefichwa na nani? Kuna watu huko. Wanachunga ngamia, wanaenda shule, wanalipa ushuru kama wewe.

Mimi nimetoka Nairobi hadi Moyale na kurudi, zaidi ya kilomita 1,500, kwa van kuukuu tuliyotia godoro na jiko la gesi. Gari yenyewe haipandi kilima bila kulia. Lakini uzee wake ndio ulitufunza. Rediata ikichemka, unasimama. Ukisimama, unaongea na watu. Pale Laisamis, mahali maji huchotwa mbali, mama mmoja alitupa mtungi mzima na akakataa pesa. Ukiwa na Prado na AC, mama huyo hutamwona.

Mzee mwingine akaniuliza, "Huko Kenya kukoje?" Usicheke. Sessional Paper Namba 10 ya 1965 ilielekeza pesa za maendeleo kwa maeneo yenye ardhi nzuri na mvua. Kaskazini ikaambiwa ingoje. Lami ya Isiolo hadi Moyale imekamilika zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru. Sasa hapo nani alijificha?

Ukienda, enda polepole. Kunywa chai ya maziwa ya ngamia, salimia, uliza watu majina, ndio upige picha. Kama hiyo ni ngumu, baki Kanairo na droni yako.