Jicho linachoka: nani atafundisha mashine kuona?

Mutu aliyekwisha kupimwa malaria anajua kazi ile. Wanakuchoma kidole, tone la damu linapakwa juu ya kipande cha kioo, kiisha mutu wa labo anainama juu ya mikroskopi. Mbele ya kuandika kwamba goutte épaisse haina kitu, kanuni inamuomba aangalie mahali 100 juu ya kile kioo. Asubuhi macho yake yako mazima. Mchana, kiisha foleni nzima ya wagonjwa, yamechoka. Kazi inabaki ile ile, lakini jicho si lile la asubuhi.

Tunaanza na mfano huu juu habari ya leo inaonekana iko mbali na sisi, na kumbe ni jambo moja.

Mwaka 2004, pale Manchester, Uingereza, wataalamu Andre Geim na Konstantin Novoselov walitumia skochi, ile tu ya kubandika karatasi. Walibandua grafiti, kitu cheusi kinachoandika ndani ya kreyoni. Wakabandua tena na tena, mpaka ikabaki ngozi ya atomu moja. Jina lake ni grafeni. Unene wake ni nanometri 0,34: lazima kupanga ngozi zaidi ya 200.000 moja juu ya ingine ndiyo zifike unene wa unywele mmoja. Mwaka 2010 walipewa zawadi ya Nobel ya fizikia.

Kiisha grafeni, vitu vingine vyembamba vikafuata. Mwaka 2011, pale Lausanne, Uswisi, walitengeneza transista kwa ngozi moja ya molibdeni na kiberiti. Lakini vitu hivi viko na tabia ngumu: unene ukibadilika kidogo, kila kitu kinabadilika. Ngozi moja ya molibdeni na kiberiti inatoa mwangaza vizuri, ngozi mbili zinapunguza sana. Kwa hiyo haitoshi kusema « kipande hiki ni chembamba ». Lazima kujua: ni ngozi moja, mbili ao tatu?

Ni hapo njo kazi inakwama. Skochi haichagui. Inaacha vipande vingi vya kila namna juu ya sahani ya silisiamu, na vile vya ngozi moja ni vichache sana. Kuvitambua ni kwa rangi tu, rangi yenyewe inatofautiana kidogo sana na ile ya sahani. Mwanafunzi anakaa saa nyingi akisukuma sahani chini ya mikroskopi, sawa mama anayechagua mawe ndani ya mchele, lakini hapa jiwe na mchele vinafanana. Anaweza kumaliza siku nzima na kupata vipande vichache tu.

Mwaka 2018, watu wa Université ya Tokyo walionyesha roboti iliyofanya kazi ile yenyewe. Ilitambua vipande 400 vya grafeni kwa saa moja, makosa yakiwa chini ya 7 %. Ikapanga mpaka tabaka 29 za grafeni na nitridi ya boroni zikipokezana. Lakini jicho lake lilifuata kanuni zilizoandikwa na watu: rangi fulani, ukingo fulani. Ukibadilisha taa, unaanza tena kurekebisha. Mwaka 2020 njo walileta dawa: akili bandia inayojifunza kwa kina. Hapa hakuna mutu anayeiandikia kanuni. Wanaipa picha ambazo watu wamekwisha kuchora mipaka ya kila kipande na kuandika unene wake. Inakisia, inakosea, inasahihishwa, mara nyingi sana, mpaka inashika. Kiisha pale, inatafuta yenyewe, hata mwangaza ukibadilika kidogo.

Tuangalie vizuri lile neno: picha ambazo watu wamechora. Mashine haikuzaliwa na macho. Kuna mutu aliyekaa mbele, akajua tofauti ya ngozi moja na mbili, akaiandika. Kama alikosea, mashine itarudilia kosa lake kwa mbio kubwa. Na ukiipa kitu ambacho haijaona hata siku moja, itajibu tu, bila haya. Njo maana kipande cha maana kinapimwa tena kwa chombo kingine. Mashine inapunguza kazi ya kutafuta. Kazi ya kujua inabaki ya mutu.

Wengine watatuuliza: Kongo inahusika wapi? Kati ya vitu ambavyo mashine ile ya Tokyo ilifundishwa kutambua, kuko kimoja chenye tungsteni. Wolframi, jiwe linalotoa tungsteni, inachimbwa Kivu kwa mikono ya vijana wetu. Hatusemi kwamba tungsteni ile ilitoka kwetu. Tunasema tu kwamba jina lile tunalijua kwa kilo na kwa gunia, wengine wanalijua kwa atomu. Na bei ya kilo na bei ya ujuzi hazitalingana hata siku moja.

Hatuombi inchi inunue kesho mashine za mamilioni. Skochi na grafiti si vitu vya matajiri. Programu nyingi za kufundisha akili bandia ziko bure. Tunaomba mambo mawili. Kwanza, mikroskopi iliyofungiwa ndani ya kabati la shule itoke, mwanafunzi aiguse mbele ya kupewa diploma. Pili, walimu wa hesabu, wa fizikia na wa labo za hospitali wakae pamoja. Vioo vya goutte épaisse viko kila mahali, na watu wetu wa labo wanajua kuvisoma. Wakichora na kuandika wanachoona, hiyo ndiyo chakula cha mashine. Kijana aliyefundisha mashine kuona kimelea cha malaria, kesho anaweza kuifundisha kuona ngozi ya atomu. Njia ni moja.

Macho tuko nayo. Tusiyatumie kwa kuangalia magari ya mawe yakipita tu.