Tiba kwa Chakula: Uliza Kwanza, Ndipo Ulipe

Huenda nawe umeshasikia habari za watu wanaotibu kwa chakula. Wanasema hawatibu ugonjwa mmoja mmoja, wanatibu mwili mzima: wanakupangia vyakula, wanakupa unga wa majani na kukusafisha tumbo. Wengine wanafanya kazi hiyo humu kambini, na wewe unayejiandaa kurudi Minago au Rumonge utawakuta huko pia. Maoni yangu ni kwamba usiwacheke, lakini pia usiwape mwili wako bila kuuliza maswali.

Kwamba chakula ni dawa, hilo ni kweli tupu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliishi kwa mgao wa mahindi, na karanga zikakosekana katika mgao. Zaidi ya watu 17,000 wakaugua pelagra: ngozi inaungua na kubabuka mahali inapopigwa na jua, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Waliyokosa ni vitamini moja tu, niasini, ambayo karanga zinayo. Sisi watu wa ziwa tulikuwa na bahati. Ndagala wanaoliwa wazima na mifupa yao, mawese mekundu ya Rumonge, sombe, lengalenga na maharage, hiyo ni hazina. Mawese yale yanaleta vitamini A inayolinda macho ya mtoto. (Ila yakichemshwa mpaka yakawa meupe, vitamini hiyo inapotea. Mama zetu wengi hufanya hivyo kwa kupenda harufu yake, nami sipendi kuwagombeza.)

Kwa hiyo mtu akikuambia ule vizuri, msikilize. Ugumu unaanza pale anapokuambia uache vidonge.

Unakumbuka habari za Loliondo, Tanzania, mwaka 2011? Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyeitwa Babu, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kijijini Samunge kwa shilingi 500. Bei ilikuwa ndogo, wala hakuna aliyelazimishwa. Watu walikuja kwa maelfu, wakiwemo wagonjwa mahututi waliotolewa hospitalini, na wengine walifia njiani au kwenye foleni. Wapo wenye virusi vya UKIMWI walioacha dawa zao kwa kuamini wamepona. Virusi havikuondoka. Ukiacha dawa hizo vinaongezeka tena, na vinaweza kuwa sugu hata dawa ile ya kwanza isivifae tena.

Basi siku ya kwanza ukienda kwa mtaalamu wa namna hiyo, mwambie dawa zote unazomeza, kisha umuulize waziwazi: je, niendelee nazo? Akisema uache za kifua kikuu, za VVU, za shinikizo la damu au sindano za sukari, aga uondoke. Kifua kikuu cha kawaida kinatibiwa kwa miezi 6, na mgonjwa hujisikia nafuu mapema sana, hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili yoyote, kwa hiyo kujisikia vizuri si ushahidi. Na mtoto anayeishi kwa sindano za insulini akizikosa siku chache tu anaweza kufa, hata kama anakula mboga bora za nchi nzima.

Muulize pia kuna nini ndani ya unga ule. Akijibu kwamba ni siri ya ukoo, siri hiyo inaingia tumboni mwako na siyo mwake. Mama mjamzito asikubali kabisa kusafishwa tumbo. Mtoto mdogo vilevile: dawa ya kuharisha inamkausha maji upesi. Na aliye chini ya miezi 6 hahitaji uji wala maji ya majani, ziwa la mama linamtosha.

Kwa watoto nina neno zaidi. Mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 ambaye utepe wa mkono unaonyesha chini ya sentimita 11.5 yuko hatarini, na mwenye bwaki, aliyevimba miguu yote miwili, yuko hatarini hata kama utepe unaonyesha kijani. Bibi mwenye huruma atataka kumshindilia mayai na ndagala siku hiyohiyo. Mwili uliodhoofika hivyo hauwezi kubeba mzigo huo. Asiye na hamu ya kula hulazwa, akaanzishiwa maziwa maalum yenye protini kidogo, kwa vipimo, mchana na usiku. Mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine hutibiwa nyumbani kwa pakiti za karanga, maziwa, sukari na mafuta. Hizo nazo ni tiba kwa chakula, zimepimwa, na kwenye kituo cha lishe hazilipiwi. Usiziuze sokoni, wala usigawe kwa nyumba nzima.

Na ninyi wauguzi mnaosoma ukurasa huu: mgonjwa akiwaambia anatumia majani, msimkaripie. Akikaripiwa leo, kesho ataficha, nanyi mtamwandikia dawa bila kujua amekunywa nini asubuhi.