Waulizeni Wanaoshika Kazi

Ndugu Wanachama,

Siku hizi kila kampuni yasema yataka mawazo mapya. Mabwana wakubwa huitwa semina katika mahoteli, wataalamu hukodiwa kwa fedha nyingi, na ukutani mwa karakana hutundikwa sanduku la maoni lenye kufuli. Mimi sipingi jambo hili. Kazi isiyotengenezwa huharibika, na kampuni ikianguka sisi ndio wa kwanza kuangukiwa. Lakini nina neno la kusema. Makampuni mengi hutafuta dawa kabla ya kuujua ugonjwa, tena huitafuta mbali, hali habari zake anazo mtu anayeshika kazi. Na mtu huyo hanyamazi kwa ujinga. Hunyamaza kwa kuwa anajua malipo atakayopata akisema.

Nitatoa mfano wa kwanza kutoka kwetu Kaskazini Mashariki. Garissa hakuna reli. Njia ya kutoka Lamu kupitia Garissa hata Isiolo ilitiwa katika mpango wa LAPSSET uliozinduliwa mwaka 2012, na hata leo haijajengwa. Kwa hiyo wenzangu wa reli msinicheke nikianza na ngamia na mbuzi, maana mali ya kwetu ndiyo hiyo.

Kwa miaka mingi makampuni ya bima hayakutaka kumkatia mfugaji bima. Kwa nini? Kwa sababu mfugaji huhama, na kumtuma mtu porini kuhesabu mizoga kungegharimu zaidi ya bei ya mbuzi wenyewe. Wengi waliishia hapo, wakasema haiwezekani. Lakini wataalamu wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, pamoja na wenzao, walizidi kuuliza. Mnyama hufa kwa nini? Mara nyingi ni ukame. Ukame humwuaje? Malisho hukauka. Basi kwa nini tuhesabu mizoga, tusipime malisho? Malisho huonekana kutoka angani kwa setilaiti zinazopima ukijani wa nchi. Bima ya namna hii ilianza kuuzwa Marsabit mwezi wa Januari 2010.

Hapo kazi haikwisha. Waislamu wengi hawakuikubali bima ya kawaida kwa ajili ya sheria ya dini yao. Mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa ikaleta Wajir bima iliyofuata sheria hiyo, na mwezi wa Machi 2014 wafugaji zaidi ya 100 wa huko wakalipwa. Tena, hapo kwanza malipo yalitolewa kwa kukadiria mifugo iliyokwisha kufa. Fedha za namna hiyo humkuta mtu ameshika kamba bila ng'ombe. Baadaye mpango ukageuzwa, malipo yatoke mapema malisho yanapopungua, ili mtu anunue majani, maji na dawa, na mnyama apone. Serikali nayo ilianza mpango wake mwaka 2015 katika Turkana na Wajir, kisha ukaenea Mandera, Garissa na kwingine.

Je, mpango huu hauna kasoro? Unazo. Wapo waliopoteza mifugo na wasilipwe, kwa kuwa setilaiti iliona ukijani katika eneo lao. Kwetu Garissa kuna mti uitwao mathenge, ambao hubaki kijani hata wakati wa kiangazi kikali. Chombo cha angani huona kijani tu. Mwenye mbuzi ndiye ajuaye kama kijani hicho kinalika. Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini angalieni jinsi kazi ilivyokwenda: waliuliza, wakajaribu, wakaona ilipopungua, wakageuza. Huko ndiko kutatua jambo kwa utaratibu. Na kila hatua iliyofaa ilipatikana walipokaribia shida ya mfugaji mwenyewe.

Sasa twende Japani, kwa watu wa Toyota, ambao magari yao mnayaona kila siku katika njia ya Garissa na Dadaab. Mkuu mmoja wa viwanda vyao, Taiichi Ohno, aliwafundisha watu wake kuuliza "kwa nini?" mara tano. Mfano wake ni huu. Mashine imesimama. Kwa nini? Fyuzi imeungua kwa sababu mzigo umezidi. Kwa nini umezidi? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta haivuti sawasawa. Kwa nini? Mhimili wake umelika. Kwa nini umelika? Hakuna chujio, vumbi la chuma limeingia. Mtu asiyeuliza hubadilisha fyuzi akaenda zake, na baada ya siku chache mashine husimama tena. Aliyeuliza hutia chujio, na jambo limekwisha.

Ndugu wa karakana, ugonjwa huu tunaujua. Ni mara ngapi beringi ya behewa imepata moto, ikabadilishwa, na baada ya muda behewa lile lile likarudi na moto ule ule? Sababu ni kwamba swali la kwanza la wasimamizi wengi ni "Nani amefanya?" Ukiulizwa hivyo unajikinga, na habari zote unazojua unazifunga moyoni. Barua ya onyo huandikwa, na beringi huendelea kuungua.

Lakini mabwana wanaopenda kusimulia habari za Toyota huruka sura moja. Mwaka 1950 kampuni hiyo ilikuwa karibu kufilisika. Ilitaka kupunguza watu, wafanya kazi wakagoma, zaidi ya 1,000 wakaondoka kazini, na mkuu wa kampuni, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Mwaka uliofuata, 1951, ndipo utaratibu wa kupokea mawazo ya wafanya kazi ulipoanza. Na mwaka 1962 chama na kampuni walitia sahihi tamko la kuaminiana. Mawazo mengi yaliyotoka huko yalitoka kwa watu walioamini kwamba kesho watakuwapo kazini. Huwezi kuiga sanduku ukaacha imani.

Sisi hapa mambo ni mengine. Katika karakana moja niliyopata kufanya kazi, fundi mmoja aliunda kigoda cha chuma cha kuinulia vipuri vizito. Kazi ya watu wanne ikawa ya watu wawili, na migongo ikapona. Alipigwa picha, akapewa fulana. Mwezi wa pili vibarua wawili wa genge lake wakaambiwa wasirudi. Watu hawakuwakasirikia wakubwa peke yao, walimkasirikia na fundi. Tangu siku hiyo sanduku la maoni likawa nyumba ya mende. Wakubwa wakasema wafanya kazi hawana mawazo.

Kwa hiyo nashauri chama chetu kipeleke mambo haya katika meza ya mapatano:

1. Kila karakana na kila genge liwe na saa moja kwa juma ya kuchunguza jambo lililoharibika, nayo ihesabiwe saa ya kazi yenye mshahara.

2. Wazo likitolewa, lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14. Likikataliwa, sababu itajwe.

3. Mtu yeyote asipoteze kazi kwa ajili ya wazo la mwenzake. Akizidi mahali pamoja, afundishwe kazi nyingine.

4. Faida igawanywe kwa genge zima, kwa fedha. Fulana hailipi karo.

5. Anayetaja kosa mapema ili lisilete ajali asiadhibiwe.

Nanyi ndugu msisahau kwamba sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kazi ikipunguzwa, chama kipewe habari na sababu si chini ya mwezi mmoja kabla, na aliyeondolewa alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Hiyo ni kinga ya mwisho. Mapatano ninayoyasema ni kinga ya mwanzo, maana humzuia mtu asifike huko.

Na sisi tuna wajibu wetu. Tusifiche kasoro ili kupata ovataimu. Tusimcheke kijana aulizaye "kwa nini?" kana kwamba anajifanya mkubwa. Kila genge liwe na daftari, liandike kilichoharibika, tarehe, na kilichofanywa. Chama kikienda mezani na daftari la miezi sita, hakuna bwana atakayesema kwamba hatuna mawazo. Tuanze juma hili, tusingoje sanduku.

Umoja ni nguvu.

Mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa reli, mzaliwa wa Garissa