Kipindi Kisicho na Mwalimu

Mwalimu wa fizikia asipokuwapo, aghalabu kiranja huandika ubaoni kwamba wanafunzi wajisomee, na kipindi hupita. Baadhi ya shule sasa huwasha kompyuta au kugawa vishikwambi, zikitumaini kwamba picha na sauti vitashika nafasi ya mtu. Tumaini hilo si la bure, ila limechukuliwa kwa wepesi mno.

Ushahidi upo Tanzania kwenyewe. Kati ya 2017 na 2019, katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000, wengi wao wasiopata kwenda shule, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Lilikuwa jaribio la shindano la Global Learning XPRIZE, likishirikisha UNESCO na Serikali. Mwanzoni watoto zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio makubwa. Lakini nusu ya waliokuwa hawajui walibaki hawajui, na hilo halitajwi sana katika sifa zilizomiminwa. Tena walikuwapo akina mama vijijini waliosimamia vituo vya umeme wa jua. Vyombo havikuachwa peke yao.

Nguvu ya chombo cha namna hii haimo katika uzuri wa picha zake. Filamu husema ikapita, asikie asiyesikia. Chombo cha kujibizana huuliza, hungoja jibu, kisha huchagua la kusema kulingana na jibu lenyewe. Na hapo ndipo vingi hushindwa. Jiwe limerushwa juu wima: likifika kileleni, mchapuko wake ni kiasi gani? Mwanafunzi hujibu sifuri, kosa ambalo kila mwalimu wa fizikia amelikuta madaftarini. Programu inayoandika "Si sahihi" na kusonga mbele haijafundisha kitu. Iliyoandaliwa vyema hutambua kwamba amechanganya kasi na mchapuko: kasi ni sifuri kwa nukta hiyo, lakini ardhi haijaacha kulivuta jiwe, na mchapuko ungali mita 9.8 kwa sekunde mraba, kuelekea chini. Kisha humwuliza: mchapuko nao ungekuwa sifuri, jiwe lingeanguka vipi?

Anayeweza kuyatabiri makosa hayo ni mwalimu aliyeyasahihisha kwa miaka. Kwa hiyo kazi hii yafaa apewe yeye, pamoja na saa za kuifanya, kuliko kununua vyombo vilivyojaa michoro inayotembea.

Mwalimu anayekwenda semina kwa siku 3 aweza kuacha maswali 10 ya namna hiyo, na akirudi akayasoma majibu, akajua aanzie wapi. Shule isiyokuwa na mwalimu wa fizikia mwaka mzima ni habari nyingine kabisa. Huko chombo hakimshikii mtu nafasi, kwa kuwa hakuna atakayerudi kuyasoma majibu.