Filamu Isisifiwe kwa Magauni

Huku Matogoro, Songea, filamu za Bongo tulizizoea kwa diski, moja kwa moja hadi sebuleni, tangu enzi za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012. Sasa zimo kwenye simu, na wanaozihakiki wanatukosea. Wanasifu magauni, vipodozi na majumba, hadithi wanaipita. Mama mkwe kila mara mchawi, wifi adui, kofi la mume linafutwa kwa zawadi. Bibi harusi anatazama hayo wiki moja kabla ya nikaha, anaingia kwa mkwe keshamchukia.

Bodi ya Filamu hupanga madaraja ya umri kwa sheria ya mwaka 1976. Vyema, ila daraja halisemi nani kadhulumiwa tukacheka.

Mtasema zote haramu, tuzime. Simu iko mkononi mwa binti, mtazima ngapi?

Sisi mafundi cherehani nguo hatuipokei kwa kuitazama nje. Tunaipindua, tunakagua mshono. Filamu nayo ipinduliwe. Tuambieni inamfunza nini mke. Magauni tutashona wenyewe, inshaallah.