Msumeno Mkongwe wa Mawe

Vijana wetu walio katika karakana za Kibera na Kawangware, wakipata msumeno mkongwe wa kukatia mawe, tunawasihi wasiuwashe upesi. Wachomoe plagi, wauzungushe kwa mkono: shafti ikiyumba au beringi zikikwaruza, diski itapinda. Diski hiyo haina meno. Hukata kwa punje za almasi. Punje zikifunikwa, wengi husukuma jiwe kwa nguvu zaidi, nao ni uharibifu mtupu, ilhali kukata tofali laini la mchanga huzifunua tena.

Maji yasikosekane, lakini yawe mbali na mota. Huipoza diski na kulilaza vumbi, ambalo likitua mapafuni halitoki. Wachongaji wa mifupa ya ng'ombe huko Kibera wanaijua adha ya vumbi. Jioni tope limwagwe. Likikauka hugandamana kama saruji.