Barua ya Kugawiwa Shamba Si Hati

Ndugu mkulima wa skimu,

Huenda minazi uliyopanda imekwisha kuzaa miaka mingi, wala hakuna jirani asiyejua kwamba shamba ni lako. Hata hivyo nakuuliza: katika daftari la ardhi limeandikwa jina la nani?

Pwani yetu imekwisha kuona hasara ya jambo hili. Mwaka 1908 ilitolewa sheria iliyomtaka kila mwenye madai katika ukanda wa Maili Kumi ayapeleke yakaandikwe. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Taji. Wengi waliokuwa wakilima hawakuandikwa, na wajukuu wao wakaitwa maskwota kando ya makaburi ya wazee wao. Ulipokuja Uhuru mwaka 1963, ardhi ya Taji ikawa ardhi ya Serikali. Jina lilibadilika, maskwota walibaki maskwota.

Katiba ya 2010 ilileta neno jingine, nalo ni zito: ardhi ya umma ni mali ya wananchi, na Serikali imewekewa amana tu, chini ya usimamizi wa Tume ya Taifa ya Ardhi. Aliyewekewa amana huulizwa hesabu. Kwa maoni yangu, kumgawia mtu shamba kisha kumwacha makumi ya miaka bila hati ni kazi nusu, na Serikali haina budi kuimaliza.

Lakini na wewe una sehemu yako. Deni la shamba la skimu huandikwa juu ya shamba lenyewe, na mpaka liishe kulipwa na lifutwe, huna hati safi. Wako wanaouza kwa karatasi iliyotiwa kidole gumba mbele ya mzee wa kijiji. Mnunuzi hutoa fedha zake zote, naye hanunui kitu, daftari halimjui.

Tena barua nyingi zina majina ya watu waliokwisha kufariki. Kama ni ya marehemu baba, fungueni mirathi mahakamani, au kwa Kadhi mkiwa Waislamu, kabla ya kuanza kuhesabiana mikorosho. Mjane na mabinti pia ni warithi. Wasiachwe nje ya orodha.

Basi siku ya kwenda afisi ya ardhi, chukua barua ya kugawiwa, namba ya shamba, kitambulisho na stakabadhi zote, hata zile zilizoliwa pembe na mende. Usiache stakabadhi ya asili mezani kwa mtu, acha nakala.